Apple dhidi ya Samsung

Apple dhidi ya Samsung ni mfululizo wa kesi zilizoendeshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2018 kati ya kampuni ya Apple ya Marekani na kampuni ya Samsung Electronics ya Korea Kusini. Apple ilidai kwamba simujanja na vishikwambi vya Samsung vinavyouzwa kwa jina la Galaxy viliiga umbo, mpangilio wa kioo na namna ya kutumia iPhone na iPad. Samsung ilikana madai hayo, na yenyewe ikaishtaki Apple kwa kutumia teknolojia zake za mawasiliano bila ruhusa. Kesi zilifunguliwa Marekani, Korea Kusini, Ujapani, Ujerumani, Uholanzi, Uingereza, Australia na katika nchi nyingine.

Kesi kuu ilisikilizwa San Jose, katika jimbo la California. Swali la kwanza, yaani kama Samsung iliiga, lilipata jibu mwezi Agosti 2012. Miaka karibu sita iliyofuata ilitumika zaidi kubishania malipo: mtu akiiga sura ya chombo ambacho ndani yake mna mamia ya uvumbuzi mwingine, alipe faida ya chombo kizima au faida ya ile sura peke yake?

Usuli

Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza tarehe 9 Januari 2007. Wakati huo simu nyingi zilikuwa na vitufe vya namba au kibodi ndogo chini ya kioo. iPhone ilikuwa na kioo kimoja kikubwa cha kugusa, kitufe kimoja chini yake, na safu za aikoni zenye rangi. Samsung ilitoa simu ya Galaxy S mwaka 2010, ikitumia mfumo wa Android wa kampuni ya Google. Mwaka huohuo Apple ilianza kuuza iPad, na Samsung ikaleta Galaxy Tab.

Kampuni hizi mbili zilikuwa pia mteja na muuzaji. Kichakataji cha iPhone ya kwanza kilitengenezwa na Samsung, na Apple iliendelea kununua kwake vichakataji na kumbukumbu kwa mabilioni ya dola. Huenda ndiyo sababu Apple haikukimbilia mahakamani mara moja. Mwezi Agosti 2010 wawakilishi wake walikutana na Samsung mjini Seoul kueleza malalamiko yao. Mwezi Oktoba walipendekeza leseni: Samsung ilipe dola 30 kwa kila simujanja na dola 40 kwa kila kishikwambi. Hawakuafikiana, na tarehe 15 Aprili 2011 Apple ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California. Siku chache baadaye Samsung ilijibu kwa kufungua kesi zake Seoul, Tokyo na Mannheim.

Apple ilikuwa na uzoefu wa kesi za namna hii. Mwaka 1988 iliishtaki Microsoft kwa kuiga sura ya madirisha na aikoni za kompyuta za Macintosh, ikashindwa, hasa kwa kuwa yenyewe ilikuwa imeipa Microsoft leseni ya mambo mengi iliyoyalalamikia. Mwaka 1999 mambo yaliiendea vizuri zaidi ilipoishtaki kampuni ya eMachines, iliyotoa kompyuta ya eOne yenye rangi ya buluu na umbo lililokumbusha iMac. Shauri hilo liliisha kwa mapatano mwaka 2000.

Haki zilizobishaniwa

Ili kuifuata kesi hii, msomaji anahitaji kutofautisha haki za aina tatu.

Ya kwanza ni hataza ya uvumbuzi, yaani haki ya pekee ambayo serikali humpa mvumbuzi wa jinsi kitu kinavyofanya kazi. Mojawapo ya hataza za Apple za aina hii ilihusu orodha inayofika mwisho kisha kurudi nyuma kidogo, kana kwamba imefungwa mpira. Nyingine zilihusu kukuza picha kwa vidole viwili na kukuza ukurasa kwa kuugonga mara mbili.

Ya pili ni hataza ya umbo. Hii hailindi utendaji wa kitu, hulinda sura yake ya mapambo kama ilivyochorwa katika maombi. Hataza tatu za namna hii ndizo zilizobeba uzito wa kesi: ya kwanza ilionyesha uso mweusi wa mstatili wenye pembe za mviringo, ya pili uso kama huo wenye ukingo ulioinuka kuuzunguka, na ya tatu safu za aikoni 16 zenye rangi juu ya kioo cheusi. Kulikuwa na ya nne, iliyohusu umbo la kishikwambi. Ilisemwa kwa mzaha kwamba Apple imejimilikisha mstatili wenye pembe za mviringo. Mzaha huo unakaribia ukweli, lakini haufiki. Katika michoro ya hataza, sehemu inayodaiwa huchorwa kwa mstari mzima, na isiyodaiwa kwa mstari uliokatikakatika. Mtu huvunja haki pale tu ambapo mnunuzi wa kawaida, akitazama sehemu zote zinazodaiwa kwa pamoja, angeona sura mbili hizo kuwa moja. Kigezo hicho kilitoka katika kesi ya karne ya 19 kuhusu mapambo ya mipini ya vijiko na uma.

Ya tatu ni sura ya kibiashara, ambayo ni ndugu ya alama ya biashara. Hapa hoja ni kwamba umbo la bidhaa limezoeleka kiasi kwamba watu wakiliona hutambua mtengenezaji wake. Hataza huisha muda wake, lakini haki ya aina hii inaweza kudumu bila kikomo. Kwa sababu hiyo mahakama huibana sana: umbo linalosaidia chombo kufanya kazi haliwezi kulindwa kwa njia hii, la sivyo kampuni moja ingemiliki milele jambo ambalo sheria ya hataza ingeliachia umma baada ya miaka michache.

Kuiga na kughushi

Kesi hii haikuhusu simu bandia. Simu za Galaxy zilikuwa na jina la Samsung mbele na nyuma, na Apple haikudai kwamba mnunuzi aliuziwa Samsung akiambiwa ni iPhone. Bidhaa bandia hubeba jina la mtu mwingine, na kwa kawaida ni suala la jinai. Afrika ya Mashariki imelishughulikia tatizo hilo kwa njia zake. Kenya ilizima simu bandia kwenye mitandao mwishoni mwa Septemba 2012, mwezi mmoja tu baada ya uamuzi wa San Jose, na Tanzania ikafanya hivyo usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Zoezi hilo lilitegemea namba tambulishi ya kila simu, IMEI, ambayo mwenye simu huiona akibonyeza *#06#. Hakuna namba inayoweza kuonyesha kwamba simu halali inafanana mno na nyingine. Hilo huamuliwa kwa macho, na macho ya mahakama hayakuona sawa kila mahali.

Kesi ya San Jose

Jaji alikuwa Lucy Koh. Katika kikao kimoja cha Oktoba 2011 aliinua iPad kwa mkono mmoja na Galaxy Tab 10.1 kwa mkono mwingine, akawauliza mawakili wa Samsung kama wanaweza kutambua kilicho chao. Wakili aliyekuwa akizungumza alijibu kwamba kutoka pale aliposimama hakuweza. Mwenzake mmoja ndiye aliyetoa jibu sahihi baadaye kidogo. Tukio hilo lilienea katika magazeti ya dunia, ingawa kisheria halikuamua lolote.

Usikilizaji mbele ya baraza la juri ulianza tarehe 30 Julai 2012. Juri ni kundi la raia wa kawaida, na hapa walikuwa tisa. Lisichanganywe na wazee wa baraza wanaojulikana katika mahakama za Tanzania: maoni ya wazee wa baraza hayamfungi jaji, ilhali uamuzi wa juri kuhusu ukweli wa mambo humfunga, isipokuwa pale ambapo sheria au ushahidi hauuruhusu.

Ushahidi uliowaumiza zaidi Samsung ulitoka katika makabati yao wenyewe. Apple ilitoa ripoti ya ndani ya mwaka 2010, yenye kurasa 132, iliyoilinganisha Galaxy S na iPhone jambo kwa jambo, ikieleza kila mara jinsi simu ya Samsung inavyopaswa kuboreshwa. Samsung ilijibu kwamba kila kampuni huchunguza bidhaa za mshindani, na hilo ni kweli. Pia ilisema kwamba simu za mstatili zenye kioo kikubwa zilikuwa zinakuja tu: LG Prada ilitangazwa karibu wakati mmoja na iPhone, na Samsung yenyewe ilikuwa na simu ya F700, ambayo mpango wake ulianza kabla iPhone haijaonekana. Jaji Koh alikataa ushahidi wa F700 usitumiwe kwa hoja hiyo kwa kuwa ulichelewa kuwasilishwa. Samsung ikawapa waandishi wa habari picha zake, jambo lililomkasirisha sana jaji. Katika hatua ya awali Samsung ilikuwa hata imetaja filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, 2001: A Space Odyssey, ambamo wanaanga wanatazama picha kwenye vibao bapa wakati wa kula.

Fomu ya uamuzi ilikuwa na maswali takriban 700. Baada ya siku tatu hivi, tarehe 24 Agosti 2012, baraza lilisema kwamba simu nyingi za Samsung zilivunja haki za Apple, na kwamba Apple haikuvunja hataza yoyote ya Samsung. Fidia ilikuwa dola bilioni 1.049.

Katika jambo moja baraza liliipa ushindi Samsung: Galaxy Tab 10.1 haikuvunja hataza ya umbo la iPad. Kishikwambi hicho kilikuwa tayari kimezuiwa kuuzwa Marekani tangu mwishoni mwa Juni kwa hataza hiyohiyo, baada ya Apple kuweka dhamana ya dola milioni 2.6. Zuio liliondolewa tarehe 1 Oktoba, na kwa bidhaa za aina hii miezi mitatu ya sokoni ni mirefu.

Uamuzi katika nchi nyingine

Siku ileile ya uamuzi wa San Jose, mahakama ya Seoul ilikuwa imetoa wake. Iliona kwamba pande zote mbili zilivunja baadhi ya hataza za mwenzake, ikaamuru fidia ndogo (won milioni 40 kwa Samsung na won milioni 25 kwa Apple), na ikakataa dai la Apple kwamba sura ya simu zake iliigwa. Wiki moja baadaye mahakama ya Tokyo iliipa Samsung ushindi katika hataza kuhusu kuoanisha muziki na video kati ya simu na kompyuta.

Ujerumani ilikwenda upande mwingine. Mahakama ya Düsseldorf ilizuia Galaxy Tab 10.1 mwezi Agosti 2011, na mwezi uliofuata Samsung ikalazimika kuondoa kishikwambi chake kingine katika maonyesho ya IFA mjini Berlin. Baadaye ilibadilisha fremu na mahali pa spika, ikakiita Galaxy Tab 10.1N, na mahakama ikakubali kwamba sasa tofauti inatosha.

Uamuzi wa kusisimua zaidi ulitolewa London. Tarehe 9 Julai 2012 Jaji Colin Birss wa Mahakama Kuu alisema vishikwambi vya Samsung havikuvunja haki ya umbo ambayo Apple iliisajili Ulaya mwaka 2004. Hakulinganisha Galaxy na iPad iliyoko dukani. Aliilinganisha na michoro ya usajili, iliyokuwa imetangulia iPad kwa miaka 6 na ilionyesha kitu kinene zaidi. Aliona vishikwambi vya Samsung ni vyembamba na vina mapambo yasiyo ya kawaida mgongoni, akaongeza kwamba havivutii kama umbo la Apple, kwa hiyo haviwezi kuchanganywa nalo. Samsung ilishinda kesi kwa kuambiwa bidhaa yake si maridadi kama ya mshindani.

Apple ilikata rufaa ikashindwa Oktoba 2012, na ikaamriwa kutangaza katika tovuti yake na magazetini kwamba Samsung haikuvunja haki hiyo. Ilitangaza, lakini ikaambatanisha maneno ya jaji ya kuisifu iPad, na ushindi wake wa Ujerumani na Marekani. Tarehe 1 Novemba majaji wa rufaa waliamuru tangazo lisahihishwe. Apple iliomba siku 14 za kubadilisha ukurasa mmoja wa tovuti. Majaji walishangaa, wakatoa saa 48.

Mwezi Agosti 2014 kampuni hizo zilikubaliana kuacha kesi zote za nje ya Marekani.

Fidia na sheria ya mazulia

Kiasi kilichotolewa San Jose hakikudumu. Mwezi Machi 2013 Jaji Koh alifuta takriban dola milioni 450 kwa kuwa baraza lilikuwa limekosea hesabu, na Novemba baraza jipya lilirudisha milioni 290. Mwezi Mei 2015 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikubali hoja za hataza lakini ikakataa ile ya sura ya kibiashara: pembe za mviringo husaidia simu kuingia mfukoni na kutovunjika, kioo kikubwa husaidia kuona, na aikoni husaidia kujua programu. Mambo hayo ni ya utendaji. Dola milioni 382 zikaondoka. Zilibaki milioni 548, ambazo Samsung ilizilipa Desemba 2015 huku ikiendelea kupinga milioni 399 zilizotokana na hataza za umbo.

Ubishi huo ulirudisha mahakama kwenye mazulia ya karne ya 19. Mwaka 1885, katika kesi ya kampuni ya mazulia ya Hartford, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa mwenye hataza ya nakshi senti 6 tu, kwa sababu hakuweza kuthibitisha ni sehemu gani ya faida ya zulia ilitokana na nakshi na ipi ilitokana na sufi na ufumaji. Bunge la Marekani liliona huko ni kuwaruhusu wezi wa nakshi, na mwaka 1887 likatunga sheria: anayetumia umbo lenye hataza kwenye kitu atalipa faida yake yote ya kitu hicho, na isipungue dola 250. Kwa zulia, sheria hiyo inaeleweka. Mtu hununua zulia kwa nakshi yake.

Simu ni jambo jingine. Ndani yake mna redio, betri, kamera na programu, na mnunuzi huvilipia vyote. Kwa mujibu wa mahakama za chini, hata hivyo, neno "kitu" lilikuwa na maana ya simu nzima kwa kuwa mnunuzi hawezi kununua uso wa simu peke yake. Google, Facebook, Dell na HP zilisimama upande wa Samsung, zikihofia kwamba aikoni moja ingeweza kugharimu faida ya kompyuta nzima. Upande wa Apple walijitokeza wabunifu zaidi ya 100, miongoni mwao Dieter Rams, Norman Foster na Calvin Klein, wakisema kwamba kwa mnunuzi sura na kitu haviachani.

Shauri lilisikilizwa tarehe 11 Oktoba 2016, na majaji walitumia muda mwingi kuzungumzia gari la Volkswagen aina ya Beetle: je, watu hulinunua kwa umbo lake au kwa injini? Tarehe 6 Desemba, kwa kauli moja ya majaji 8, Mahakama ya Juu iliamua kwamba "kitu" chaweza kuwa bidhaa nzima, na chaweza pia kuwa sehemu yake. Uamuzi huo ulioandikwa na Jaji Sonia Sotomayor ni mfupi, na unaacha kando jambo ambalo wote walilingojea: namna ya kujua, katika simu fulani, ni lipi kati ya hayo mawili. Hilo lilirudishwa kwa mahakama za chini.

Mwisho wa kesi

Sambamba na hayo, kulikuwa na kesi ya pili ya San Jose, iliyofunguliwa 2012 kuhusu hataza za uvumbuzi kama vile kufungua simu kwa kutelezesha kidole. Mwezi Mei 2014 Apple ilipewa dola milioni 119.6 na Samsung dola 158,400. Mwezi Novemba 2017 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa ya Samsung.

Kesi ya kwanza ilirudi mbele ya juri mwezi Mei 2018. Samsung iliingia ikitarajia kulipa kidogo, kwa kuwa sheria sasa iliruhusu kuhesabu sehemu ya simu badala ya simu nzima. Tarehe 24 Mei baraza liliamuru ilipe dola milioni 539, na milioni 533 kati ya hizo zilikuwa za hataza za umbo. Ushindi wa Samsung katika mahakama ya juu kabisa ya nchi uliifanya idaiwe karibu milioni 140 zaidi ya zile milioni 399 ilizokwisha kuzilipa.

Tarehe 27 Juni 2018 pande mbili ziliiarifu mahakama kwamba zimepatana. Masharti hayakutangazwa. Wakati huo Apple ilikuwa ikiuza iPhone X, iliyotoka mwaka 2017, na kioo chake kilitengenezwa na Samsung.